Doa la Jicho la Kushoto

Mwaka ule fundi viatu alizika wawili: binti yake wa pekee na, miezi mitatu baadaye, sungura wa binti yule, jike jeupe lenye doa jeusi lililozingira jicho la kushoto kama kapigwa ngumi. Sungura aliacha watoto. Hapo fundi akapata wazimu wake: atalirudisha doa lile.

Miaka sita akachagua. Aliyezaliwa na doa karibu na jicho alibaki; asiye nalo alikwenda sufuriani, akasifiwa kwa utamu. Madoa yakaja: sikioni, puani, moja likatua makalioni kwa dharau kabisa.

"Fundi," daktari wa mifugo alimwambia, akisubiri soli yake, "kaka na dada unawaozesha, hata haya huna?"

"Sungura hawana kikao cha ukoo, Daktari."

"Sikia basi. Wewe unachagua wazazi tu. Doa halichorwi na mzazi. Rangi inaanzia mgongoni mimba ikiwa changa, inatambaa, chembe zinasukumana kama watu kwenye foleni isiyo na askari. Zinapokwama, doa limeishia hapo. Hata wa tumbo moja hawafanani. Wewe ni mwamuzi, mpira huuchezi."

"Mwamuzi akipuliza sana, watamsikia," fundi akajibu, akagonga msumari.

Na kweli, katika uzao wa kumi na mbili akatoka mmoja, jicho la kushoto limezingirwa sawasawa. Fundi akamkimbiza kwa mkewe pekupeku, yeye fundi wa viatu! Mama akatazama, akajishika mdomo.

Wiki chache baadaye meno ya mnyama yakakua yamepishana, ya juu kule, ya chini huku, asiweze kutafuna. Daktari akayakata, yakarudi yamepinda vilevile. Fundi akasaga majani, akamlisha kwa bomba la sindano. Siku ya tisa akamfia juu ya aproni, doa likiwa mahali pake, halina kasoro.

"Nilitazama jicho tu," akasema. "Mdomo sikuutazama."

"Mwanetu alikuwa mmoja," mkewe akamwambia. "Hata mimi niliyembeba tumboni, sikumchora."

Ndipo fundi akaangua kilio ambacho waombolezaji walikingoja miaka sita nyuma, wakakikosa, wakakunja mikeka yao. Mteja aliyefuata viatu akachungulia mlangoni.

"Mama, fundi analilia kitoweo?"

"Anamlilia mwanawe," mama akasema, akimpa viatu vyake. "Amechelewa kidogo."