Moteri ya Mama Sumaya

Siku nne Mama Sumaya alisimama kwenye foleni ya esansi, mafuta ya moteri, pale Rumonge mjini. Bidoni lake la njano la lita ishirini lilisogea hatua mbili asubuhi, hatua moja mchana, na jioni halikusogea kabisa kwa sababu pampu ilikuwa imekauka. Siku ya nne, Alhamisi, likajazwa. Akampa mwenye baiskeli alishushe ziwani, yeye akafuata nyuma polepole, kandambili mkononi, maana miguu ilikuwa imevimba hata kandambili hazikuingia.

Jina lake hasa ni Kulthumu, lakini mtaa mzima unamwita kwa jina la binti yake wa kwanza. Kazi yake ni ndagala. Miaka ishirini ananunua samaki hao wadogo kwenye mitumbwi ya watu, anawatandaza kwenye vichanja vya waya, anawageuza, anafukuza kunguru, anajaza magunia ya kupanda Bujumbura. Na miaka yote hiyo alipewa waliobaki, baada ya wenye mitumbwi kuwauzia kwanza shemeji zao na majirani zao. Mwaka jana akachoka. Akaamua kuwa na mtumbwi wake mwenyewe.

Aliununua mgonjwa. Mwenye nao wa kwanza alikuwa amehama baada ya ziwa kupanda na kumeza nyumba za karibu na maji; alikwenda kulima milimani, mtumbwi akauacha umelala ubavu kwenye matope, mbavu tatu zimevunjika, vyura wamehamia ndani. Fundi Modeste aliufufua ile miezi mitatu ziwa lilipofungwa kwa uvuvi ili samaki wazaane. Alitoa mbao zilizooza akaweka mpya, akaziba nyufa kwa pamba iliyolowekwa mawese, akapaka lami chini na rangi ya kijani juu. Sehemu moja tu hakuibadilisha: ubao wa nyuma, ule unaobeba moteri. Aliugonga kwa nyundo, akasikiliza kama daktari, akasema bado uko mzima.

Sasa zilibaki siku sita ziwa lifunguliwe, na mtumbwi ulikuwa na kila kitu isipokuwa moteri.

Moteri zilikuwa mbili. Moja ya nguvu za farasi arobaini, kuukuu, ya mfanyabiashara Moussa wa hapo hapo mjini. Nyingine ya farasi kumi na tano, haijatumika sana, ya mzee Abdoulkarim wa Kabezi aliyeacha uvuvi. Bei zilikaribiana, na Mama Sumaya alikuwa na uwezo wa kununua moja tu. Akichukua ndogo, wavuvi watamkimbia, kwa maana wavuvi wa Rumonge huangalia moteri kabla ya kumwangalia mwenye mtumbwi. Akichukua kubwa, nani atailisha? Mtumbwi usio na watu na mtumbwi usio na esansi vyote viwili ni kuni tu, tena kuni zilizopakwa rangi.

Ramazani, aliyekuwa kapita, msimamizi wa wavuvi wake wanane, alikuwa amekwishaamua.

"Mama, ile kumi na tano iko mashine ya kusaga mihogo," alisema huku akipokea bidoni. "Tutaitwa wasaga mihogo ziwa zima."

"Mihogo munakula kila siku, haijawaua."

"Tunakula, ndiyo. Lakini hatuipandi kwenda kuvua."

Wenzake wakacheka. Moussa naye alicheka. Alikuwa amekuja na moteri yake kwenye mkokoteni, ameifunika kwa kitambaa cha maua. "Jaribuni mpaka Kigwena," akasema. "Jaribuni bure. Esansi tu iwe ya mama."

Watu wanne walihitajika kuiinua. Wakaifunga kwenye ubao wa nyuma, Ramazani akavuta kamba mara tatu, na ya nne ikanguruma hadi wanawake waliokuwa wakifua nguo wakanyanyuka. Mtumbwi ukainua pua, ukaruka. Mama Sumaya, aliyekuwa ameketi juu ya gogo akikanda vifundo vya miguu, hakuwahi kuona kitu chake mwenyewe kikikimbia namna ile. Aliutazama mpaka ukawa doa la kijani upande wa michikichi ya kusini, na moyoni akasema basi, iwe hiyo, nipumzike.

Walirudi wakipiga kelele kama waliotoka kushinda mpira. Lakini Modeste, aliyekwenda nao, alishuka wa kwanza na hakupiga kelele. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini.

"Njoo uone, mama." Akamwonyesha nyuma ya mtumbwi. Maji yalikuwa yamejaa kiasi cha mabesheni mawili, na pamba ilikuwa imetoka kwenye ufa pembeni mwa ubao ule wa zamani. "Mbele inapanda juu, nyuma inakaa chini. Tena tulikwenda watu watano tu, bila nyavu. Ubao ulikuwa unalia, nimeusikia."

"Si uweke mwingine?" Ramazani akadakia.

"Naweza. Lakini ubao mwingine unataka mbavu nyingine za kuushika. Ni majuma matatu."

"Majuma matatu wenzetu watakuwa wamekwisha kuvua!"

"Basi usiniulize."

Mama Sumaya hakuwa akiwasikiliza tena. Alikuwa ameinama ndani ya mtumbwi, ameshika bidoni. Mkono wake ulijiandaa kwa uzito, na bidoni likaja juu jepesi, karibu limpige usoni. Akalitikisa. Chini kabisa kukasikika kitu kidogo kikicheza.

"Esansi imekwenda wapi?"

"Imekwenda Kigwena, mama," mmoja akajibu, "na imerudi."

Wakacheka tena. Yeye alikuwa anahesabu. Jumatatu yake yote ilikuwa imeungua. Jumanne nayo. Jumatano, ile aliyonyeshewa akiwa amejifunika gunia, nayo imeishia kwenye moshi wa bluu. Ilibaki Alhamisi, tena nusu yake. Na walikuwa hawajavua hata ndagala mmoja.

"Moussa," akasema, "nashukuru. Funika moteri yako."

Nyumbani, mumewe Nuhu, fundi cherehani, alimwekea maji ya moto yenye chumvi kwenye besheni. Nuhu amezaliwa Rumonge na haogelei.

"Sasa wewe ungechukua ipi?" mkewe akamwuliza.

"Mimi? Ile yenye rangi nzuri."

"Nuhu."

"Unaniuliza mimi habari ya ziwa? Niulize kola." Akamwongezea maji ya moto. "Ila ukirudi kwenye ile foleni na miguu hii, Kulthumu, nitakwenda kukuchukua kwa mkokoteni, watu wote waone."

Mama Sumaya alicheka kidogo, kisha akasinzia, miguu bado ndani ya maji.

Jumamosi minibasi ya kutoka Bujumbura ilisimama barabarani, na mzee Abdoulkarim akashuka na moteri ya kumi na tano iliyoviringishwa ndani ya mkeka, ameishika kama mtu aliyesindikiza mgonjwa. Ramazani aliiinua peke yake, kwa makusudi, akaiweka begani.

"Mwaona? Hata mutoto anabeba."

"Ndiyo raha yake," mzee akajibu. "Mimi mgongo umeharibika kwa kubeba zile zenu."

Safari hii Mama Sumaya hakukubali mtumbwi uende mtupu. "Juzi mulikwenda kama watu wa arusi. Leo muende kama watu wa kazi." Akataka nyavu zilowekwe majini kwanza ndipo zipakiwe, na nguzo zake, na taa na betri zake. Akataka wavuvi wote wanane waingie. Akataka na magunia sita ya mchanga, yawe badala ya samaki. Wakayajaza wakinung'unika, na mtumbwi ukazama mpaka rangi ya kijani ikabaki kiganja kimoja juu ya maji.

Moteri ikakohoa, ikashika. Mtumbwi haukuinua pua. Ulikwenda sawasawa, umelala vizuri juu ya maji, polepole hata mtu aliyekuwa akitembea ufukweni alikwenda nao sambamba kidogo kabla haujamwacha. Walikwenda mpaka Kigwena, wakageuka, wakarudi. Ilichukua muda hata Mama Sumaya akapata kusali adhuhuri na kurudi kwenye gogo lake.

Modeste akapapasa ubao wa nyuma. "Mukavu," akasema. Bidoni, ambalo jirani alikuwa ameliongezea esansi kwa mkopo, lilikuwa halijapungua hata robo.

Ramazani alishuka bila mzaha wowote usoni. Akaja akachuchumaa mbele ya yule mama.

"Mama Sumaya, nikuambie ukweli?"

"Sema, baba."

"Inabeba. Sikatai. Lakini itatufikisha saa tatu, saa nne, jua limepanda. Wewe huna shida, samaki wako unaanika. Ndagala akifika saa nne si atakauka tu? Lakini sisi sehemu yetu ya samaki tunaiuza mbichi. Wenye baiskeli wanaopandisha samaki milimani wanaondoka saa moja. Tukikuta wameondoka, sehemu yetu tunamwuzia nani? Ile kasi hatukuitaka kwa sifa. Kidogo ilikuwa sifa. Lakini ni watoto wangu wale wanangojea."

Siku zote hizi Mama Sumaya alidhani wanamtakia makelele tu, wapite mbele ya wengine wakitazamwa. Hakuwaza kwamba ndani ya mtumbwi mmoja kuna biashara mbili, ya kwake inayoweza kungoja na ya kwao isiyoweza. Alitazama ziwa, akatazama wale wanaume saba wakishusha mchanga. Alichoka kabla hata ya kufungua mdomo, kwa sababu alijua atakachosema kitamwongezea nini.

"Sehemu yenu nitainunua mimi."

"Yote?"

"Yote. Kwa bei wanayotoa wenye baiskeli. Mufike saa tatu, mufike saa nne."

Ramazani akamtazama kwa makini. "Utaianika wapi? Una vichanja vinne."

"Modeste ataongeza."

"Na mikono, mama?"

"Hiyo haiongezeki," akasema. "Lakini kusimama kwenye foleni siku nne kila mara, hiyo siiwezi tena. Kuanika najua."

Mzee Abdoulkarim, aliyelipwa moteri yake hapo hapo, na Modeste wakawa mashahidi wa mapatano hayo. Hata hivyo watatu kati ya wale wanane waliaga jioni ile ile, kwa heshima, wakisema wamepata nafasi kwenye mtumbwi mwingine wenye moteri ya arobaini. Ramazani alibaki na wanne. Alisema ataanza hivyo hivyo, wavute nyavu kwa taabu mpaka wapatikane wengine.

Ziwa likafunguliwa. Asubuhi ya kwanza mitumbwi ya watu ilianza kuingia alfajiri, mmoja baada ya mwingine, na ufuko ukajaa makelele ya bei, mabesheni, baiskeli na matusi. Mama Sumaya alikuwepo na jirani yake Zena, aliyekubali kumsaidia kuanika.

"Wako uko wapi?" watu waliuliza wakipita.

"Unakuja."

Saa moja wenye baiskeli wakafunga mizigo, wakaondoka. Saa mbili ufuko ukawa umebaki na kunguru. Zena akaanza kupiga miayo. Ilipokaribia saa tatu ndipo ukaonekana, mdogo, umezama chini, na mlio wake hausikiki mpaka umefika karibu kabisa.

Wavuvi wawili walikuwa wamelala juu ya nyavu. Ramazani macho yalikuwa mekundu kama pilipili.

"Amahoro, mama. Tumefika wa mwisho."

"Niliwaona."

"Mabesheni kumi na moja. Tungekuwa wanane, yangekuwa kumi na tano."

"Kumi na moja yatatosha kunivunja mgongo. Esansi?"

Akainama, akalitikisa bidoni. "Ya kesho iko. Na kesho kutwa, tukienda taratibu."

Mama Sumaya akaketi kwenye ukingo wa mtumbwi wake, miguu ndani ya maji. Kumi na tano ilikuwa bado inatoa joto karibu na kiwiko chake. Akahesabu vidoleni: leo siendi foleni, kesho siendi, kesho kutwa labda.

"Mukalale," akawaambia.

Kisha akainuka, akajitwika besheni la kwanza, kwa maana jua lilikuwa limepanda na vichanja vyote vilikuwa vitupu.