Bonde la Alizeti Lililotupa Kisogo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya utalii iliyokuwa Mchafukoge juu ya duka la vitambaa, Meneja wa Safari hakunikaribisha hata kiti. "Binti, uko kwenye majaribio miezi mitatu," alisema. "Ukiharibu safari moja tu, unarudi kwenu Kariakoo." Kazi hiyo nilikuwa nimeitamani tangu shuleni. Niliitikia.

Nilianza kwa kupima njia: mwongozaji hutangulia peke yake kuangalia barabara, malazi na kile wageni wanachokwenda kukiona. Nilitumwa bonde moja huko Iringa, ambako msimu wa alizeti mashamba yote huwa ya njano. Nilifika asubuhi nikakuta maua yananitazama, nikaandika ripoti ya kujisifu. Barabara ya mashariki niliyopita ilikuwa mbovu kwa basi, nikapendekeza ya upande wa pili.

Wiki iliyofuata niliwapeleka akina mama wafanyabiashara wa Kariakoo. Tulitokea magharibi, na bonde zima likatupa kisogo. Sikujua kwamba ua la alizeti likishakomaa haligeuki tena. Hubaki limeelekea mashariki.

Mama Massawe, muuza vitenge mzaliwa wa Kilimanjaro, alishuka wa kwanza. "Mwanangu, tumefunga maduka tuje kuangalia visogo?" Wenzake walicheka. Mimi nusura nilie, maana niliiona kazi ikiniponyoka.

Nikajikaza. "Mama zangu, naomba mvue viatu virefu. Tunazunguka kwa miguu."

Tulifuata kijia cha wakulima, mmoja nyuma ya mwingine, mashina yametuzidi kimo. Tulipotokea mashariki na kugeuka, maua yote yakawa yanatutazama. Mama Massawe akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Jamani, kumbe!"

Jumatatu nilikwenda ofisini kukiri kosa, nikamkuta Mama Massawe ameshafika. "Huyu binti ana akili," alikuwa akimwambia Meneja. "Alitufichia kwanza, ndipo akatuonyesha." Akanikonyeza.

"Basi kila kundi litapelekwa hivyo hivyo," Meneja alisema, na siku hiyo hiyo akaagiza barua yangu ya ajira ichapwe.

Niliifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu, na niliipenda kwelikweli. Waongozaji wa sasa bado wanaanzia magharibi. Wakija nyumbani kunisalimia hunisifu kwa ubunifu, nami huitikia marahaba na kuwamiminia chai. Leo nawaambieni, wanangu: sikubuni kitu. Nilikosea barabara.