Fundi Makochi Aliyeenda Kufumania, Akakuta Kopo la Gundi

Jua limeshapanda, na kochi la watu watatu limelala chali katikati ya karakana, miguu juu. Mwanamke mwenye misumari midomoni amepiga goti kando yake. Anavuta kitambaa, anachomoa msumari mmoja, anagonga, anavuta tena.

"Usiniulize kitu sasa, nitameza," anasema bila kufungua meno.

Mtaani wanamwita Mama Makochi. Ufundi huu alifundishwa na mumewe, na kwa miaka mingi waliufanya pamoja: mume akipima, akikata na kubandika sponji, mke akishona.

Miaka miwili iliyopita, mume alianza kubadilika.

"Aliipenda kazi ghafla," anasimulia Mama Makochi, misumari sasa ikiwa kiganjani. "Mimi bado nawaandaa watoto waende shule, yeye keshaondoka. Nikifika namkuta mchangamfu, anacheka peke yake. Kabla ya mchana, kanuna. Ukimgusa kwa neno moja tu, anawaka. Nikajiuliza, hivi huyu mtu ana nini?"

Kulikuwa na mengine. Vipele vilimtoka kuzunguka pua na mdomo. Akasema ni wembe. Macho yakawa mekundu. Akasema ni vumbi. Hamu ya chakula ikamwisha. Siku moja alikata kitambaa cha mteja maua yakiwa kichwa chini, kisha akakana katakata kwamba ni mkono wake.

Na gundi ikawa haikai. Kopo la kutosha mwezi lilikuwa likiisha mwezi ukiwa bado mbichi.

"Nikadhani anaiuza ili amhonge mtu," anasema, na leo anaweza kucheka. "Kuwahi kutoka, furaha ya asubuhi, pipi za mnanaa mdomoni kila saa. Wewe ungewaza nini? Nikasema huyu ana mwanamke, tena anamleta humu humu, kwenye makochi ya watu!"

Asubuhi moja akafunga khanga kiunoni, akamfuata, akausukuma mlango kwa bega.

Hakukuwa na mwanamke. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Mumewe ameketi sakafuni, kopo la gundi mapajani, uso ameuinamisha humo. Akainua kichwa, akamtazama mkewe kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Nilikuja na matusi yangu yote, yakaniishia mlangoni. Nikafungua madirisha, nikamkokota nje, nikakaa naye mpaka akili zikamrudia."

Jioni, watoto wakiwa kwa jirani, alimuuliza, "Baba, tangu lini?"

"Mwanzoni ilikuwa harufu ya kazi tu," mume alijibu. "Halafu siku za mapumziko nikaanza kuitamani."

Wifi yake hakutaka kusikia. "Unamsingizia kaka yangu! Mtu mzima na familia yake avute gundi?" alifoka, na kwa muda mrefu hakukanyaga kwao.

Mshauri wa zahanati ndiye aliyewafumbua macho: mvuke ule huharibu ubongo, na unaweza kuusimamisha moyo ghafla. Alimwonya Mama Makochi asigombane na mumewe akiwa amelewa. Asubiri atulie, amwambie alichokiona kwa macho yake, na amsindikize kutafuta msaada.

Mume alikubali. Alianguka tena mara moja, kwenye karakana ya rafiki, akarudi nyumbani na kusema mwenyewe.

Gundi haiingii tena kwa Mama Makochi. Sponji zinashonwa kwa mkono, kazi inakwenda taratibu, na wateja wenye haraka wamehamia kwingine. Kipato kimeshuka karibu nusu.

Mumewe yuko uani, anachonga fremu za mbao. Anaulizwa kama ana kinyongo habari hii ikiandikwa.

"Andikeni," anasema. "Kuna mke mahali anaambiwa ni vumbi."

Wanatafuta banda la kupanga lisilo na kuta, hewa ipite na pasiwe na pa kujifungia, ili mume arudi kwenye meza ya kukatia. Wifi naye amerudi. Ameahidi kuja kujifunza kushona.

Je, Mama Makochi anamwamini mumewe?

"Namwamini. Lakini kila akirudi kutoka mizungukoni namkumbatia, nanusa kola. Yeye anadhani ni mahaba tu."

"Najua unanusa," sauti inajibu kutoka uani. "Ndiyo maana siachii haraka."