Fremu Iliyokatwa kwa Ajili Yangu

Majina ya wote waliomcheka mume wangu niko nayo kichwani, pamoja na ya baba zao. Sitayaandika. Wengi wamelala udongoni, na walio hai wanajijua.

Walimcheka kwa sababu ya pikipiki. Ilikuwa ya Mwingereza mwenye ranchi huku Kajiado, ambaye mume wangu alimchungia ng'ombe. Mwingereza huyo alipohama akamwachia mume wangu. Kiti chake kilikuwa cha mtu mmoja tu. Basi mume wangu akawa anapita nayo barabarani, shati limejaa upepo, na mimi niko nyuma kwa miguu na punda, mtoto mgongoni, maziwa yanachacha kabla sijafika Kitengela. Nikamwambia, "Baba watoto, hicho kitu kama hakina mahali pangu, kitafutie mtu mwingine."

Akaenda nayo kwa fundi wa kuchomelea pale Noonkopir, na mimi akanibeba tukaenda pamoja, nimebanwa juu ya tangi la mafuta kama mbuzi wa kuuzwa. Wakaikata nyuma ya kiti, wakaunga kipande cha paipu kilichobaki kwa kisima cha ranchi. Wakaweka kiti kirefu, ubao wa kukanyagia upande wa kushoto, maana mimi na shuka zangu nilikuwa nakaa upande, na chuma cha kushika mkebe wa maziwa upande ule mwingine.

Wazee wa rika lake wakamuuliza, "Umekata chuma kizima kwa sababu ya mwanamke?"

Akawaambia, "Ndiyo. Na bado rangi."

Juzi mwanangu wa mwisho, ambaye anaishi na mimi hapa Kisaju, akaleta mgeni kutoka Nairobi. Ni mtu wa pikipiki za zamani. Yeye na wenzake wanazitengeneza na kuzipeleka maonyesho. Mwanangu alikuwa amemwapia kwamba yetu haijaguswa tangu itoke kiwandani. Hakudanganya. Alizaliwa akaikuta hivyo. Alidhani huko Uingereza pia wanabeba maziwa.

Mgeni alikuwa na adabu. "Takwenya, yeyo," akanisalimia kwa Kimaasai, akiniita mama. "Iko," nikamjibu. Halafu akalala chini kwenye vumbi na nguo zake safi, akapitisha kidole kwa chuma polepole, kama mtu anayetafuta kupe.

"Mama, hii imekatwa," akasema. "Shika hapa. Huku mbele kiungo ni laini, hukisikii. Huku nyuma ya kiti mshono una manundu. Paipu yenyewe ni nene kuliko ile ya kiwandani, na haya mashimo yametobolewa baadaye, hayako sambamba."

Yote yalikuwa kweli. Nilimheshimu hapo. Mwanangu ndiye alibadilika uso.

"Yeyo, ulijua?"

"Mimi ndiye nilipimwa."

Basi wakakubaliana wao wawili kando, bila kuniuliza. Fundi mwenye grainda, ile mashine ya kukatia chuma, akapigiwa simu aje. Wakate kile kipande chote, wachomelee mkia wa fremu wa aina ileile kutoka kwa pikipiki nyingine iliyokufa, na kiti kirudi kuwa kifupi.

"Irudi vile ilikuwa," mgeni akasema.

"Vile ilikuwa lini?" nikamuuliza. "Miaka ya Mwingereza ni michache. Yetu ni mingi. Na hapa kwetu ndama hazaliwi na alama. Tunamkata sikio, hapo ndipo anajulikana ni wa boma gani. Sijaona mtu akimshonea sikio ndio ng'ombe apendeze."

"Waamuzi wa maonyesho watajua mara moja, mama. Wataikataa."

"Wajue. Si wewe umejua? Na hujaanguka."

Mwanangu akasema, "Yeyo, tunamtafutia marehemu baba heshima."

Nikamwangalia. "Heshima ya baba yako ni hiyo unataka kukata."

Wakati huo fundi alikuwa amefika. Akavuta waya wa umeme kutoka nyumbani kwangu, akawasha mashine yake ikalia, mbuzi wakatawanyika. Akauliza akate wapi. Mgeni alikuwa na chaki, akachora mstari.

Nilishika ukuta, nikainuka. Nikaenda nikakaa juu ya kile kiti upande upande, miguu kwa ubao wangu, na sketi ikafunika mstari wa chaki.

"Kata," nikamwambia fundi.

Akazima mashine. "Mimi sikati mahali mama ameketi. Elewaneni kwanza." Akaanza kukunja waya.

Hawakuelewana na mimi. Nikaagiza chai, ikaletwa, nikainywea pale juu bila haraka, na nikawaambia nao waketi wanywe, kwa maana mgeni haondoki kwangu na njaa hata akiwa amekuja na grainda.

Alipomaliza kikombe, mgeni aliuliza kwa sauti ya chini kama wanaweza kuipeleka hivyo hivyo, isishindane, isimame tu kando watu waione.

"Itaenda," nikasema, "na mimi nikiwa juu yake."

Mwanangu akacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia mgeni akija kutuchukua alete lori lenye ngazi, maana goti langu la kushoto halipandi.