Mada Kuu ya Utafiti Wangu

Mimi kungoja siwezi, na hilo ndilo lililoniponza. Nilikwenda Geita kuwahoji kinamama wanaoponda mawe ya dhahabu, nami Kisukuma sijui hata salamu. Nikiwauliza kuhusu vumbi na afya, wananijibu kwa Kiswahili kifupi, kisha wanageukiana na kuongea Kisukuma kirefu huku wakicheka. Kiongozi wao, Mama Kabula, akanipa kanga.

"Chukua, mwalimu. Jifunge kiunoni."

Nikajifunga kwa fahari, nikijua nimepewa heshima ya kimila.

Chuoni Shinyanga nilishajigamba kwamba akili mnemba itatafsiri na kuchambua mahojiano yangu kabla wenzangu hawajamaliza chai. Siku ya semina nilifika nimechelewa, nikiwa na suruali ileile ya Geita, jasho linanitoka. Sikutaka hata kuijaribu kwanza nikiwa peke yangu. Nikaipa programu sauti nilizorekodi Geita palepale, mbele ya wahadhiri wote, na majibu yakatokea ukutani:

"Mada kuu: zipu ya mtafiti. Washiriki wote wanakubaliana kwamba iko wazi. Wengi wanaona ni vibaya kumwaibisha mgeni. Pendekezo: apewe kanga."

Nikahangaika kuizima projekta, nikabonyeza kitufe sicho, maandishi yakazidi kuwa makubwa. Mkuu wa idara, mama mtu mzima wa Kisukuma, akavua miwani yake taratibu.

"Mwalimu," akaniuliza kwa upole, "hiyo kanga umekuja nayo?"