Waya wa Breki Wenye Kichwa Kidogo

Mtanivumilia mwandiko. Niliishia darasa la saba, naandika polepole, na nilipokosea herufi sikufuta sana kwa sababu karatasi inachanika. Wanaoandikaga habari za kazi zao huwa wazee. Mimi bado ni binti, lakini kazi yangu ya ufundi baiskeli imekwisha, ndiyo maana naisimulia.

Siku ya kwanza ilikuwa Iringo, Musoma mjini. Fundi Mkuu, mzee wa Kiislamu mwenye kofia iliyoingia grisi, hakunipa spana. Alinipa baiskeli aliyomaliza kuitengeneza, akafunga mfuko wa mchanga kwenye karia ya nyuma, akaniambia nishuke nayo mteremko wa nyuma ya karakana.

"Mzee, naogopa," nilimwambia.

"Vizuri. Asiyeogopa simpi breki azishike."

Hiyo ilikuwa desturi yake. Baiskeli haikurudi kwa mwenyewe mpaka fundi aliyeifunga ameshuka nayo mteremko ule, mzigo ukiwa nyuma. Nilikaa kwake miaka minne. Nilijifunza kunyoosha rimu kwa kukaza spoku za upande mmoja na kulegeza za upande wa pili. Nilijifunza pia kuchukua vipuri vya baiskeli tatu vikawa baiskeli moja. Sikuacha kuogopa hata siku moja.

Kisha nikapelekwa Bunda, kwenye tawi la karakana yetu huko Nyasura, chini ya Msimamizi. Huyu alikuwa mtu wa haraka. Alisema hakuna mteremko wa karibu na wateja hawalali hapa. Tulizungusha baiskeli uani mara mbili, ikatoka. Sikulipenda jambo hilo, lakini nilizungusha kama alivyotaka. Mimi ni mwoga wa kusema mbele ya mkubwa.

Siku moja Mwalimu wa shule ya msingi alileta baiskeli ya resi ya mtumba. Fremu nyepesi, tairi nyembamba, usukani umejikunja kama pembe za kondoo.

"Nataka niikalie wima nizunguke nayo mjini," alisema. "Nikiinama hivi na gauni, wanafunzi watanicheka mpaka wamalize shule. Na nyuma atakaa Neema."

Neema ni mtoto wake wa miaka mitano. Alikuwa amesimama pale akipiga kengele za baiskeli za watu wengine.

Nilifanya kazi siku mbili. Usukani wa pembe nikautoa, nikaweka ulionyooka wa baiskeli ya milimani pamoja na vishikio vyake vya breki. Gia zilikuwa zimeliwa, nikabakiza moja. Tairi pana hazikuingia kwenye fremu, nikapata za wastani. Karia ilitoka kwenye baiskeli nyeusi ya mizigo.

Hatari iko kwenye nyaya. Mwisho wa waya wa breki kuna kichwa cha chuma kinachokaa ndani ya kishikio. Waya wa resi una kichwa kidogo, na kishikio cha usukani ulionyooka kinataka kikubwa. Ukiweka kidogo kinakaa, na breki inashika. Siku ukibana kwa nguvu zako zote, kinachomoka.

Nilijua hayo. Nilitundika nyaya mbili mpya za kichwa kikubwa kwenye msumari. Nikaitwa kuziba pancha, nikarudi, Msimamizi akasema, "Malizia, Mwalimu amefika," nami nikafunga nyaya zilizokuwa karibu na mkono. Mwalimu akazungusha baiskeli uani, akafurahi. Ikapakiwa juu ya basi, kwa sababu alikuwa anakwenda kwao Butiama likizo.

Mchana, nikifagia, niliinua macho nikaziona zile nyaya mpya bado ziko msumarini. Ufagio ulinitoka mkononi.

"Bosi," nilimwambia Msimamizi, "baiskeli ya Mwalimu nimeifunga nyaya za zamani. Tumpigie simu."

"Hapa uani si ilishika?"

"Ilishika."

"Basi imeshika. Nimpigie nimwambie hatujui kazi? Bunda nzima itajua kabla ya jua kuzama."

"Butiama kuna milima, bosi. Na atampakia mtoto."

"Kumbe una mdomo. Mwaka mzima nilidhani wewe bubu." Namba ya Mwalimu ilikuwa kwenye simu yake, naye akaitia mfukoni. "Ukitoka hapo mlangoni usirudi."

Nilichukua nyaya na koleo, nikapanda gari la Butiama. Njia nzima nilikuwa namwona Neema ameshika kiuno cha mama yake. Tulisimama kushusha magunia, tukasimama tena kupakia mbuzi, na mimi siwezi kumwambia dereva aharakishe.

Butiama niliulizia, nikaonyeshwa nyumba. Bibi mmoja alikuwa anamenya mihogo. Alikuwa mama yake Mwalimu.

"Amekwenda dukani huko chini, na mtoto. Karibu ukae."

Sikukaa. Nilikimbia kuteremka ile njia. Nikawakuta wanapanda kwa miguu, Mwalimu anasukuma baiskeli, nyaya za breki zinaning'inia. Kiwiko chake kilikuwa kinatoka damu. Neema alikuwa mzima, ameshika kiatu kimoja.

"Breki zimekwenda zote," Mwalimu alisema. "Nimeiingiza shambani. Na wewe umejuaje mpaka uko hapa?"

"Ni mimi niliyekosea. Nimejua tangu mchana."

"Tumevunja mihogo ya bibi," Neema aliniambia. "Atatuchapa wote."

Mwalimu hakucheka. Alisema, "Funga." Nilifunga nyaya mpya pale njiani, yeye amesimama juu yangu. Nilipomaliza alibana vishikio kwa mikono miwili, akabana tena na tena. Breki zilishika. Kisha akamshika Neema mkono, wakapanda kwa miguu, na mimi nikasukuma baiskeli nyuma yao mpaka nyumbani.

Nyasura sikurudi. Niko Mugeta kwa wazazi, nalima. Watu wananiletea baiskeli zao. Pancha naziba, rimu nanyoosha, lakini breki nawaambia wapeleke Bunda. Wanashangaa.

Ninyi mliofanya kazi hii miaka mingi, najua na ninyi mmewahi kukosea. Niandikieni mnieleze ile siku ya kwanza mlipomfungia tena mtu breki zake, mlifanyaje. Hata mistari miwili inatosha. Nasoma polepole, lakini nitasoma.