Akina Haberstroh wa Likasi

Nilikwenda Kongo kwa sababu baba yangu alikuwa anakufa, na alitaka kufa akijua kwamba jina lake halizikwi pamoja naye. Niseme wazi mapema kwamba sababu hiyo haikunipendeza. Baba alijaliwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu Eliwaza, na sote tunaitwa Haberstroh tangu ubatizo. Lakini sisi ni wanawake, na watoto wetu wanaitwa kwa majina ya baba zao, kwa hiyo katika hesabu za Baba tulikuwa kama hatupo. Mimi ndiye niliyemuuguza miaka miwili. Eliwaza alikuwa anakuja mwisho wa juma, tunapokezana.

Jina lenyewe limenisumbua maisha yangu yote. Kila ofisi naulizwa linaandikwaje, kisha linakosewa vilevile. Machame nzima ni sisi tu, na sijawahi kusikia wengine Tanzania. Mchungaji mmoja Mjerumani aliyepita usharikani kwetu alituambia kwamba hata kwao si la wengi, ni la watu wachache wa upande wa kusini, na maana yake ni mabua ya nafaka fulani wanayolisha farasi. Labda aliyelianza alikuwa mkulima wa nafaka hiyo, alisema, au mtu mwembamba ambaye majirani walimtania. Limefikaje kwetu? Ukiuliza kanisani utaambiwa baba wa babu yangu alikuwa mtumishi katika shamba la Mjerumani wa jina hilo, na siku ya ubatizo akalichukua. Ukiwauliza mashangazi, wanatazamana, halafu wanakwambia chai inapoa.

Baba alikuwa na kaka mmoja, Yohana, ambaye kwetu ni baba mkubwa ingawa hatukuwahi kumwona. Aliondoka akiwa kijana kufuata kazi za shaba Katanga. Aliandika mara chache kutoka mji ulioitwa Jadotville enzi hizo, ambao leo ni Likasi, kisha akanyamaza. Masika iliyopita, Eliwaza akiperuzi Facebook, akakuta mtu anaitwa Mukendi Haberstroh, fundi wa kuchomelea vyuma, Likasi. Nikamwandikia. Akajibu siku hiyohiyo: "Ndiyo mama, Papa Yohana Habastro njo alinipatia jina. Alikufa kitambo."

Baba aliposomewa maneno hayo aliketi kitandani bila kusaidiwa. "Mtoto wa Yohana," alisema. "Nenda ukamlete nimwonyeshe kihamba." Nikamuuliza, na nisipompata? Akageukia ukutani. "Basi kitabaki kihamba cha migomba." Kwamba mimi na Eliwaza ndio tuliokipalilia kihamba hicho, shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, wala hakulikumbuka. Nilifunga mzigo nikiwa nimenuna.

Kutoka Moshi hadi Tunduma njia naijua, na sitawachosha nayo. Baada ya mpaka, Zambia ni ndefu, wallahi ni ndefu. Pori, mji mdogo, pori tena, na basi letu lilikuwa na kiyoyozi kilichokataa kuzimwa. Mama mmoja wa Mbeya aliyekaa nami, mfanyabiashara wa vitenge, aliniuliza ninakwenda kununua nini Kongo. Nikamwambia ninakwenda kuchukua mtoto wa kiume. Alinitazama, akahamisha mkoba wake upande wa dirisha.

Kasumbalesa tulifika asubuhi yenye manyunyu. Malori yaliyobeba shaba yalikuwa yamepanga foleni mpaka macho yanachoka, na madereva wanapika ugali chini ya matela. Kadi yangu ya homa ya manjano ilikaguliwa na watu watatu, kila mmoja kana kwamba mwenzake hana macho. Baadaye nilipata nafasi kwenye gari dogo la kwenda Lubumbashi, na hapo nikaanza kusikia Kiswahili chao. Maneno nayajua, lakini yamevaa nguo nyingine. Mtu anasema "bantu" na "batoto", "minye" akimaanisha mimi, anachanganya na Kifaransa katikati, na wewe unacheka kidogo kabla hujagundua kwamba anayechekwa ni wewe.

Kutoka Lubumbashi hadi Likasi barabara ni ya lami na vilima vinapendeza. Mji wenyewe ulinitia huzuni tangu mwanzo. Majumba ya zamani yenye varanda pana yamechakaa, mabomba makubwa ya moshi ya kiwanda yanaonekana nyuma, na mvua ilikuwa imeacha tope jekundu kila mahali. Mukendi alinipokea pale gari lilipotuacha. Mwanamume wa miaka thelathini na kidogo, mpole, mikono ina makovu ya moto wa kuchomelea. Akanionyesha kadi yake ya kupigia kura bila hata kuombwa. Jina lilikuwa pale, herufi zote, na kwa mara ya kwanza maishani nililiona limeandikwa sawasawa na karani asiye wa kwetu.

Jamani, nilifurahi. Nikampigia Baba palepale, tope likiniingia viatuni, nikamwambia nimempata. Nilimsikia akimwita Eliwaza awaambie majirani. Akaagiza beberu wake asiuzwe tena, angoje kuchinjwa siku ya kumpokea kijana.

Jioni, nyumbani kwa Mukendi, mama yake alinitengea bukari na lengalenga. Bukari ndiyo ugali wao, na lengalenga ni mchicha. Anaitwa Mama Ngalula, mwanamke mnene wa maneno machache. Nilimwambia namshukuru kwa kumzalia baba mkubwa mtoto wa kiume. Akaacha kula.

"Mukendi haiko mutoto ya Papa Habastro," alisema. "Ni mutoto yangu na bwana yangu, Mukasai kama minye. Haukujua?"

Nilimtazama Mukendi. Alikuwa ameinamia sahani yake.

Mama Ngalula akanisimulia taratibu. Miaka ya tisini, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, maelfu walikwenda kujazana kwenye stesheni ya reli hapo Likasi, kungojea treni ambazo hazikuja. "Bantu balilala inje, mu mvua. Batoto balikufa mingi pale ku gare. Minye nilikuwa na mimba. Papa Habastro alikuwa jirani. Akaniambia, weye hauende ku gare, ingia mu nyumba yangu. Banakuya kupiga mulango, yee anasimama pale inje anabaambia, mu nyumba hamuna muntu." Alijifungulia jikoni kwa baba mkubwa. Akampa mtoto jina la mwenye nyumba. Wanawake wengine wawili waliofichwa humo walifanya vivyo hivyo, mmoja wao kwa mtoto wa kike.

Hivyo ndivyo jina la Mjerumani lilivyoenea Likasi. Kwao jina si la ukoo kama tulivyozoea sisi. Baba na wanawe wanaweza kuwa na majina tofauti kabisa, kwa sababu mtoto hupewa jina la mtu, mtu fulani anayependwa au anayeshukuriwa, na kuanzia hapo anahesabiwa kama mtu huyo. Wapo Haberstroh watatu mjini humo, na hakuna hata mmoja mwenye tone la damu yetu.

"Na yeye mwenyewe hakuzaa?" niliuliza.

"Alizaa mutoto moja tu, mwanamuke. Eko Mulungwishi."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimemwambia mgonjwa uongo bila kukusudia, na beberu alikuwa anangoja. Asubuhi Mukendi alinifuata nje, akasema kwa sauti ya chini: "Mama, minye ntazungumuza na papa ku telefone. Ntamuambia niko mutoto ya ndugu yake. Ni muzee, aende na furaha. Kuko ubaya gani?" Ukweli ni kwamba shauri lake lilinikaa moyoni njia nzima, na nililipenda.

Mulungwishi ni mwendo mfupi kutoka Likasi, mahali pa misheni na shule, pametulia. Mukendi alinipeleka kwa pikipiki ya rafiki yake. Tulimkuta binti wa baba mkubwa akichambua sombe, yaani kisamvu, mlangoni kwake. Ni wa rika langu, na paji la uso ni la Baba, halina shaka. Anakohoa. Mumewe alikufa kwenye mashimo ya migodi ya Kakanda, na yeye kwa miaka aliosha mawe ya kobalti huko mpaka kifua kikamkatalia. Aliniangalia muda mrefu.

"Weye njo mutoto ya Elia?" aliuliza. Elia ndilo jina la Baba. "Papa alikuwa anamuita jina mu ndoto."

Nikamuuliza yeye anaitwaje.

"Aikande."

Wasomaji wa kwetu wataelewa kwa nini nilikaa chini. Hilo ni jina la Kichaga, na ndilo jina la bibi yangu, mama yao Baba na Yohana, aliyekufa Baba akiwa bado kijana. Katanga nzima sidhani kama kuna mwingine. Nikamuuliza kwa nini baba mkubwa hakumpa jina letu, akashangaa swali lenyewe. "Papa alisema Habastro ilikuwa jina ya bwana ya shamba. Alibaachilia bantu, kama banaipenda baikamate. Lakini mama yake njo alikuwa wake. Alikuwa ananiita Mama mpaka siku ya kufa."

Alitupeleka kwenye kaburi. Msalaba wa saruji, umeandikwa Papa Yohana tu. Nikaomba, nikalia kidogo. Mukendi alikuwa bado anaitazama simu yangu, kwa hiyo nikaona nisijipe nafasi ya kubadili mawazo. Nikapiga nyumbani.

"Mpe kijana," alisema Baba hata kabla ya salamu.

"Baba, Mukendi ni mtu mwema, lakini si damu yetu. Nilikosea. Baba mkubwa aliacha binti."

"Binti," alisema, kama mtu aliyeletewa chai haina sukari. "Haya. Mpe huyo binti."

Nikafungua spika. "Jambo, papa," alisema ndugu yangu. "Ni minye Aikande."

"Nani?"

"Aikande."

Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa baba yangu, sauti ndogo kabisa. "Mama?"

Nilitaka kuichukua simu nimweleze, maana nilijua akili yake ilikuwa inaanza kupotea. Lakini Aikande hakuona kosa lolote. Kwa desturi ya huko aliulizwa swali la kweli, na akalijibu.

"Ee, mwana yangu."

"Nasikia baridi, Mama."

"Funika miguu. Ukunywe kitu ya moto. Usiogope."

Niliona wivu, na sioni haya kusema. Miaka miwili nimemfunika miguu mzee yule, na hakuna siku aliyoniita kwa sauti ile. Mukendi aligeuka upande akajifuta uso kwa mkono wa shati. Baba aliporudi kuzungumza nami, hakuuliza tena habari za kijana wala kihamba. Alisema tu, "Mlete Mama."

Sikuweza kumleta. Aikande hana pasipoti, kuipata ni kwenda Lubumbashi na kusubiri, na kifua chake kisingestahimili ile Zambia. Tulijaribu siku kadhaa Likasi, tukatumwa huku na kule, mwisho akaniambia: "Wende, ndugu. Kama kifua inaniachilia, ntakuya." Alinifungia mahindi ya kuchoma kwenye karatasi. Nilipanda gari nikiwa na moyo mzito, na nilipogeuka nikamwona ameshika nguzo akikohoa.

Kapiri Mposhi, basi liliposimama abiria wanyooshe miguu, Eliwaza alipiga. Alikuwa hawezi kusema, kwa hiyo nilijua. Njia iliyobaki mpaka Tunduma na mpaka Moshi siikumbuki vizuri.

Machame walikuwa wamenisubiri. Tulimzika Baba chini ya migomba kama ilivyo ada. Wazee wa ukoo walitazamana wakitafuta mwanamume wa jina letu wa kutangulia kutupa udongo, wakanong'onezana, halafu mmoja akanipa mimi koleo huku akiangalia pembeni. Nikatupa. Eliwaza akafuata.

Nilijifunza nini? Kwamba jina lile nililotumwa kulifuata halina haja nasi. Litaendelea huko Likasi, kwa watu walioliokota kwa shukrani, na watoto wao huenda wakalipa wengine. Hapa kwetu, lilikotokea, litaishia kwa wanawake wawili. Wala sikuumia sana kwa hilo. Kilichoniuma nilikipata usiku, watu walipokwisha kuondoka, tukiwa jikoni na Eliwaza.

Aliniambia kwamba tangu simu ile Baba aliuliza kila asubuhi, Mama amefika wapi. Eliwaza akawa anamtajia vituo: Lubumbashi, Kasumbalesa, Ndola. Siku ya mwisho alimwambia Mama ameshavuka Tunduma, na Baba akafumba macho.

"Na mimi?" nilimuuliza. "Hakuuliza mimi nimefika wapi?"

Eliwaza alinimiminia chai, akanisogezea kikombe.

"Wewe hakukuulizia, dada. Alijua utarudi tu."